Baiskeli ya kwenda kazini haianzi na siti

Mtu akisikia naenda kazini kwa baiskeli, swali lake la kwanza huwa ni siti. "Huumii?" Kabla sijajibu ananishauri ninunue lile kava la jeli la kuvalisha juu ya siti, eti ndiyo dawa. Siwalaumu. Mimi nimekulia Shinyanga, ambako baiskeli inabeba abiria kama kazi, na aliyewahi kukaa kwenye keria ya chuma kutoka stendi hadi kijijini anajua makalio yanavyoweza kumlaani mtu. Lakini kwa jinsi nilivyozoea safari ya Sinza hadi Posta na kurudi, hapa Dar es Salaam, siti naiweka mwisho kabisa. Kwanza njia, halafu fremu, halafu usukani, halafu tairi. Siti ikiuma, mara nyingi inalipa madeni ya wenzake.

Njia yangu inajulikana. Nashuka na Barabara ya Shekilango, nakata kushoto kuingia Barabara ya Morogoro, napita Urafiki, Manzese, Kagera, Magomeni Mapipa, nateremka Jangwani, napanda kuelekea Fire, kisha nachepuka mjini hadi Barabara ya Sokoine kwenye ofisi yetu ya uwakala wa forodha. Ni kama kilomita tisa. Mradi wa mwendokasi, ambao mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016, ulituachia njia ya baiskeli pembeni ya barabara hiyo. Njia ipo kweli, sikatai, ila baiskeli hatuko peke yetu. Kuna bodaboda anayekuja kinyume, kuna meza ya miwani na chaja, kuna gari limeegeshwa "dakika mbili tu", na kila inapoingia barabara ya mtaa kuna ukingo wa zege wa kushuka na kupanda. Ukiitazama njia ya namna hiyo unajua unahitaji nini: ukae wima uone mbele, tairi liwe nene kiasi, breki zishike hata kwenye mvua, na uweze kuweka mguu chini ghafla bila sarakasi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela niliazima baiskeli za watu. Hilo nalipendekeza kwa yeyote, maana dukani kila baiskeli ni tamu kwa mita kumi.

Nilianza na Phoenix ya mjomba, ile nyeusi ya Kichina inayobeba mkaa, maji na magunia nchi nzima. Watu wa mjini huidharau, na hapo hukosea. Ina magurudumu ya inchi 28 na fremu ndefu iliyolala kidogo, kwa hiyo shimo unalisikia kwa mbali tu, na unakaa wima kama hakimu. Shida yake ni uzito, maana inapita kilo 20, na breki zake za vyuma. Mipira yake ya breki inabana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa unabana mpaka vidole vinauma ndipo baiskeli ianze kufikiria kusimama. Kwa mzigo wa taratibu kijijini ni sawa. Kwa mteremko wa Jangwani mwezi wa nne, hapana.

Halafu ile ya jirani, ya kisasa, ya milimani, yenye shokapu mbele na tairi za meno makubwa. Kijana ukiipanda unajisikia. Lakini meno yale kwenye lami yanavuma na kukuvuta nyuma, na shokapu za bei ya chini zinakula nguvu: unakanyaga kupanda mlima, mbele inabonyea, nusu ya jasho lako inaishia kwenye springi. Zaidi ya hapo inakulaza juu ya usukani. Kwenda Kibaha kwenye njia za vumbi ningeichukua bila kufikiri. Kumkwepa muuza miwani wa Manzese huku nimeinamisha kichwa, siitaki.

Niliijaribu pia ya mtumba kutoka Ujerumani, chuma kizuri sana, fremu ya mtu mzima. Tahadhari moja kwa anayefikiria mtumba wa Ulaya bara: angalia breki. Kwao breki ya mbele mara nyingi iko mkono wa kushoto. Sisi tumezoea mbele iwe kulia, kama Uingereza na Japani wanakoendesha upande wa kushoto kama sisi. Ukiwa na haraka mkono haukumbuki nchi ilikotoka baiskeli. Kubadilisha waya si kazi kubwa kwa fundi, lakini lazima ujue kwanza kwamba kuna cha kubadilisha.

Mwisho nikaangukia ya mtumba ya Kijapani. Hizi wengi mnazijua: bomba la fremu limeshuka chini, kikapu mbele, kava linalofunika cheni, madigadi kamili, stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma, kufuli ya duara iliyofungwa kwenye fremu, na dainamo inayosugua tairi. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale mtaani waliponiona nayo mara ya kwanza wakapiga kelele: "Kaka, umemwibia shemeji baiskeli?" Mpaka leo wananiita shemeji. Sawa tu. Baiskeli hii imeundwa kwa mtu anayekwenda sokoni, kumpeleka mtoto shule, na kurudi na mchele, akiwa amevaa nguo zake za kawaida. Hayo ndiyo maisha yangu pia, ukitoa mtoto. Suruali ya ofisini haigusi cheni. Keria ikiwa na mzigo sirushi mguu nyuma kama nampiga mtu teke, napitisha mbele tu. Na bodaboda akikatiza ghafla nateremka mbele ya siti, miguu yote miwili chini. Siku hizi nikiona mwanaume amevaa suti kwenye baiskeli ya bomba la juu, anahangaika kupanda na begi mgongoni, namhurumia kimoyomoyo.

Breki yake ya nyuma ni mkanda unaobana ngoma kwenye kitovu cha gurudumu, si kwenye rimu, kwa hiyo mvua haiisumbui sana. Yangu ina gia tatu zilizojificha ndani ya kitovu hichohicho. Vumbi haliingii, na unaweza kubadilisha gia hata umesimama kwenye taa, jambo ambalo za milimani haziwezi. Gia tatu zinatosha kwa Dar. Ya kwanza naitumia kupanda kutoka Jangwani kwenda Magomeni jioni, basi.

Kwenye kununua mtumba usidanganywe na rangi. Shika mkono wa pedali, si pedali yenyewe, uutikise kulia na kushoto: ukicheza, gololi za katikati zimekwisha au zinahitaji kukazwa. Inua gurudumu, lizungushe, tazama pengo kati ya rimu na mpira wa breki. Likipanuka na kubana, spoki zimelegea au rimu imepinda. Simama nyuma ya baiskeli, fumba jicho moja, uone kama gurudumu la nyuma na la mbele viko mstari mmoja. Tazama kutu kwenye maungio ya fremu, hasa chini pale katikati. Kutu ya madigadi ni sura tu, ya kwenye maungio inakuja kukuangusha.

Na namba za tairi. Hili wauzaji wengi wanaliruka. Baiskeli ya Kijapani ya inchi 26 na ya milimani ya inchi 26 hazivai tairi moja. Ukienda dukani ukasema "nipe ya ishirini na sita" utapewa ya milimani, na fundi atakurudisha. Soma ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Kijapani huwa ni 37-590. Za milimani zinaishia na 559. Phoenix ya 28 inaishia na 635. Piga picha namba hiyo, ibaki kwenye simu, umalize ubishi.

Baiskeli ikishapatikana kazi ndiyo inaanza, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema, kwa sababu inaletwa nyumbani na kuendeshwa vilevile ilivyotoka kwenye kontena, kwa vipimo vya Mjapani fulani ambaye hawajawahi kumwona.

Fundi wangu ana kibanda chini ya mwembe, mzee wa makamo, mkali kidogo. Nilimkuta Jumamosi asubuhi akiziba pancha. Nikamwambia nataka anipandishie siti.

"Mpaka wapi, mwanangu? Miguu si inafika chini?"

"Inafika, mzee wangu. Tatizo inafika mno."

Akacheka. Kwa mafundi wetu wengi siti iliyo sawa ni ile unayokaa na nyayo zote mbili zimelala chini. Ni salama kwa anayejifunza, lakini ukiendesha kilomita tisa hivyo magoti yako juu kama ya panzi, na uzito wote wa kiwiliwili unabaki kwenye makalio kwa sababu miguu haijapata nafasi ya kubeba sehemu yake. Kipimo ni rahisi. Kaa kwenye siti, egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyoshuka chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, kama inavyotakiwa wakati wa kuendesha, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Wapenda hesabu wana yao: pima mguu wa ndani kuanzia sakafuni hadi kwenye msamba, zidisha kwa 0.883, utapata umbali kutoka katikati ya mhimili wa fremuni, pale mikono ya pedali inapozungukia, hadi juu ya siti. Mguu wa sentimita 82 unatoa sentimita 72 na kidogo. Nilifanya vyote viwili vikakaribiana. Kisha nikashusha kidole kimoja kwa makusudi, maana njia yangu ina kusimamasimama na ninataka ncha za vidole ziguse lami nikiwa bado nimekaa. Mwanariadha atanikosoa. Yeye hapiti Manzese saa kumi na mbili jioni.

Wakati wa kupandisha, paipu ya siti ina mstari uliochorwa. Mstari ukitokeza nje umepitiliza, paipu inaweza kupinda au kuvunja fremu. Ukiwa mrefu mpaka mstari unatoka, nunua paipu ndefu au tafuta fremu nyingine.

Baada ya urefu, mlalo. Niliweka daftari gumu juu ya siti na simu juu ya daftari, nikafungua programu ya pima maji. Mzee akalegeza nati mbili za chini ya siti kwa spana namba 13, akaigusa kwa kiganja mpaka ikalala sawa. Siti ikiinua pua inabana pale pasipotakiwa kubanwa. Ikiinamisha pua unateleza mbele siku nzima na mikono ndiyo inayokuzuia, halafu unalalamika vidole vinakufa ganzi na kumbe tatizo liko nyuma. Kwa mbele na nyuma tulitumia uzi wenye nati. Pedali zikiwa zimelala usawa mmoja, uzi ulioshikwa mbele ya goti la mbele uangukie karibu na mhimili wa pedali. Ikitofautiana kidogo si neno.

Usukani ndio uliotutoa jasho. Nilitaka upande juu, uzidi siti kwa vidole viwili hivi, ili mgongo unyooke na mabega yashuke. Mzee akalegeza bolti ya juu ya shingo ya usukani, akavuta, wapi. Haitoki. Ndani ya shingo kuna kabari inayobana bomba, na bolti ikilegea kabari inabaki imeng'ang'ania, hasa kama chuma kimekaa miaka bila grisi. Akaifungua bolti mizunguko kadhaa mpaka kichwa chake kikasimama juu, akaweka kipande cha mbao juu yake asije akaiharibu, akapiga nyundo mara moja, ko! Kichwa cha bolti kikazama, usukani ukalegea papo hapo. Akautoa wote, akafuta kutu kwa kitambaa chenye mafuta, akapaka grisi, akaurudisha juu kidogo. Nao una mstari wake wa mwisho, tukauheshimu. Akanikalisha, akaniambia nifumbe macho na ninyooshe mikono pale inapotaka yenyewe, akauzungusha usukani ukakutana na viganja. Sijasoma popote kipimo kizuri kuliko hicho.

Breki nazo ziliinamishwa zifuate mstari wa mkono, kifundo kisipinde. Dada mmoja pale ofisini, ambaye baadaye naye alinunua ya Kijapani, alikuwa akilalamika vidole havifikii breki vizuri. Kuna skrubu ndogo kwenye mkono wa breki, karibu na pale unapoingia waya, ukiikaza mkono unasogea karibu na usukani. Wengi hawaijui. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kubwa kuliko yote, kwa sababu viganja vyake ni vidogo, na baiskeli ileile inayonitosha mimi ilimchosha mpaka tukaisogeza na siti yake mbele. Usimpe mtu vipimo vyako.

Tairi, sasa. Watu hujaza upepo mpaka tairi linalia ukiligonga, wanaamini ndiyo wepesi. Kwenye barabara laini kama kioo, labda. Kwenye njia yenye viungio vya zege kila hatua, tairi gumu linakipeleka kila kishindo moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mimi sifiki kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, na la nyuma nalijaza zaidi ya la mbele kwa kuwa uzito mwingi uko nyuma. Nikikaa, tairi la nyuma litokeze ubavu kidogo tu. Ukipunguza kupita kiasi, ukingo wa kwanza utabana tyubu kwenye rimu na utapata pancha ya matundu mawili pacha. Valvu za Kijapani ni zilezile za Phoenix, zenye kipira ndani, kwa hiyo fundi yeyote anazo. Upepo ukipungua kila wiki bila pancha, badilisha hicho kipira kabla ya kumlaumu mtu.

Baada ya haya yote ndipo tukafika kwenye siti, na siti yenyewe sikuibadilisha. Iliyokuja na baiskeli ni pana, ina springi mbili nyuma. Kukaa wima kunadai siti pana, kwa sababu uzito unashukia kwenye ile mifupa miwili ya makalio, na siti lazima iipokee yote miwili. Ukitaka kujua upana wako, kalia kipande cha boksi juu ya ngazi ngumu, inua magoti kidogo, kisha tazama mabonde mawili yaliyobaki. Siti iwe pana kuliko umbali wa mabonde hayo kwa sentimita mbili au zaidi. Ikipita sana itasugua mapaja. Kava la jeli linapendeza kwa dakika kumi. Baadaye jeli inahama chini ya mifupa, inakusanyika katikati, inakandamiza nyama laini. Nimeliona likiuzwa Kariakoo kwa bei ambayo ningelipia grisi, kipira cha valvu na chai ya mzee, chenji ikabaki.

Mzigo weka kwenye keria. Begi mgongoni kwa joto la Dar linakuachia ramani ya jasho kwenye shati hata ukioga mara mbili. Nafunga langu kwa mipira ya tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu, ile wanayofungia kreti za soda, haijawahi kuniangusha. Shati la kazini linakunjwa humo. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, naendesha kwa mwendo wa kuzungumza, nafika nimelowa kidogo, najifuta, nabadilisha. Mwezi wa pili hali ni mbaya zaidi, sitadanganya.

Masika inahitaji mpango mwingine. Mto Msimbazi ukijaa Jangwani hapapitiki, si kwa basi wala kwa baiskeli, na maji yale si ya kuyapima kwa mguu. Siku hizo nikifika Magomeni napinda Barabara ya Kawawa, napitia Kinondoni hadi Daraja la Salander, naingia mjini kwa mlango mwingine. Jioni, kavu au mvua, kukata kulia kurudi Shekilango sikufanyi nikiwa nimepanda: nashuka, navuka na waenda kwa miguu kwenye taa, maana kuvuka njia mbili za mwendokasi ukiwa katikati ya magari ni kamari.

Kinachonisumbua bado ni breki ya nyuma. Inashika vizuri ila inalia, na si kulia kidogo. Mlinzi wa jengo letu ananifungulia geti kabla sijakata kona. Mzee amenionya nisije nikatia mafuta mle ndani, nitanyamazisha kelele na breki pamoja. Anasema dawa ni kuipata ngoma ya aina nyingine isiyo na mkanda, inayokaa kwenye kitovu hichohicho, kutoka kwenye baiskeli iliyokwisha fremu. Ameshaiona moja Tabata, mwenyewe anataka hela ya baiskeli nzima. Tunaendelea kupatana.